Pombe ya Kulimia

Dada yangu ndiye aliyeomba sheria ile. Wengine wamesahau. Mimi siwezi, kwa kuwa nilikuwa tarishi wa baraza la mtemi, na alipolisema ombi lake nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake.

Mumewe alikuwa akichimba dhahabu ya Wazungu huko Geita, na kila aliporudi nyumbani alirudi amelewa moshi, ile pombe kali inayopikwa kwa siri na kubebwa kwa chupa. Dada akainuka mbele ya wanaume wote akamwambia bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya, "Tunaomba moshi uzuiwe kweli. Unatumalizia waume." Bwana shauri akaandika. Nakiri, siku ile nilimwonea fahari.

Miezi michache baadaye amri ikaja, nami nikaisoma sokoni. Marufuku kupika pombe ya aina yoyote bila kibali, na kibali ni cha Jumamosi, siku ya soko, basi. Moshi ulikuwa umekatazwa tangu zamani, na wapishi wake walikuwa porini. Nani awafuate huko? Chupa huingia kwenye mkunjo wa shuka. Mtungi wa pombe ya mtama hauna pa kujificha. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, nasi tulimpisha mwenye chupa, tukamwandama mwenye mtungi.

Mvua zikakaribia. Kwetu mwanamke ambaye mume hayupo halimi peke yake. Hupika pombe, huita majirani, wakalima matuta tangu alfajiri, na jua likipanda wakanywa. Dada aliloweka mtama wake karibu wote uliobaki ghalani, ukaota, akausaga, akaupika. Kisha akaja kwangu kuomba kibali. Pombe ingeiva Jumatano. Kibali kilichotoka kilikuwa cha Jumamosi.

"Kaka, pombe haijui Jumamosi," aliniambia. "Ikipitisha siku inachacha, hainyweki."

"Ngoja niseme na karani."

Karani alicheka tu.

Jumatano asubuhi nilikwenda mwenyewe kuimwaga, maana nilijua akitumwa mwenzangu atavunja na mitungi. Nilijiona mwema! Majirani walikuwa wamekwisha kufika na majembe yao, watu kama kumi na watano. Nikamwaga mitungi minne mbele yao. Kuku wakaja kudonoa machicha.

Mzee mmoja akalitia jembe lake begani. "Ng'wanawane," aliniambia, yaani mwanangu, "kulima bila pombe ni kazi ya serikali. Na ya serikali tumeimaliza mwezi uliopita."

Hakuwa na hasira. Walimuaga dada kwa heshima, mmoja mmoja, wakaenda zao.

Alilima peke yake matuta machache, na mvua za mwaka ule zilikuwa fupi. Ghala lilipobaki tupu nilimpelekea debe moja la mtama. Alilipokea, akashukuru, na wiki hiyo hiyo akawachukua wanawe wawili akamfuata mumewe machimboni. Niliona aibu, lakini sikumzuia. Ningemzuia kwa chakula gani? Na kule machimboni, kwa mwanamke asiye na shamba, moshi ndio uliolipa. Hauna kibali wala Jumamosi.

Mwaka uliofuata nilipewa barua ya kwenda kumkamata mpika moshi mmoja. Karani alinisomea jina, kisha akainua macho kunitazama. Hakucheka safari hii. Ningeweza kukataa kazi. Nilikuwa na mke na watoto, nami niliipenda ile kofia yangu ya utarishi kuliko nilivyodhani.

Nilimkuta dada nyuma ya kibanda, mumewe yuko shimoni, chungu kikiwa motoni. Aliponiona hakukimbia. Alijua nimefuata nini. Alinimiminia maji nikanawa, akanitengea ugali na dagaa, akauliza kama mama hajambo. Nilikuwa nimetembea siku mbili, nikala. Wanawe walikaa kando, wakisubiri nibakize.

Nilipomaliza nikamwambia ajifunge kaniki yake, twende.