Dawa ya Sukari na Samaki wa Wakwe

Juzi, kwenye kituo cha pikipiki hapa Kasongo, mama mmoja wa Kabambare alikuwa akifunga glasiere, sanduku la barafu, nyuma ya pikipiki. Ndani, juu ya barafu, alilala samaki mkubwa wa kupeleka kwa wakwe. Dawa ya sindano ya mumewe, mgonjwa wa sukari, ilikuwa mkobani, juani.

Binti aliyesubiri naye, anayesomea protini chuoni, akashtuka.

"Mama, hii dawa ni protini. Inafanya kazi sababu ya umbo yake. Joto ikiiharibu, ni sawa yai: ukishaipika, hairudie tena bichi. Iweke mu glasiere, ndani ya kitambaa, isiguse barafu."

"Nafasi haiko, mutoto yangu. Samaki ya bakwe lazima ifike nzima, na kichwa."

"Na baba mugonjwa?"

Mama akaazima kisu, akakata kichwa cha samaki, akaifunga dawa kitambaani na kuiweka mahali pake.

"Batanicheka mupaka nizeeke," alisema.

Watamcheka kweli. Kwetu tunakumbuka bila kukosea nani alileta samaki asiye na kichwa kwenye arusi ya nani. Lakini ukiuliza babu alikufa kwa ugonjwa gani, tunajibu: "Aliumwa tu."