Jumapili Nne za Stelingi Asiyepigana

Kazi yangu hapa Mpanda ni kutafsiri picha za Kizungu kwenye banda la video. Nashika maiki, stelingi, yule nyota wa picha, anafungua mdomo, mimi DJ namsemea kwa Kiswahili. Kiingereza changu? Jamani, tuseme ukweli: nusu naelewa, nusu napika mwenyewe.

Basi siku moja nikajitia makuu. Kwenye ubao wa nje nikaandika kwa chaki kwamba Jumapili nne mfululizo, saa tisa alasiri, tutaonyesha picha za mwongozaji mmoja tu, mzee wa Hollywood wa enzi za nyeusi na nyeupe, fundi wa mapenzi na vichekesho. Wateja wangu wakanishangaa. "Nyie, hapa ngumi zinaanza saa ngapi?" Ngumi hazikuwepo. Yule mzee alipenda milango: mwanamume anasimama nje, anainua mkono abishe hodi, anaushusha, anaondoka zake. Nilimwelewa sana.

Maana picha zile sikuzitafuta kwa ajili ya sanaa. Nilizitafuta kwa ajili ya mwalimu wa sekondari aliyekuwa akikaa benchi la pili, ambaye mwaka mzima nilishindwa kumwambia hata "karibu" bila kukohoa. Niliwahi kumsikia akisema anapenda picha za zamani. Kila stelingi alipomtazama mpenzi wake, nikamtia maneno yangu: "Dada, mimi kwetu Magamba, tunalima mahindi, pombe sinywi, tabia yangu kaulizie popote." Mzungu na tai yake, eti kwao Magamba! Watu wakavunjika mbavu. Mwanamke naye nikamsemea: "Nimekubali, kaka, nilikuwa nakusubiri wewe tu." Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi, na mimi kichwa kikavimba. Wala sikukumbuka kwamba somo analofundisha ni Kiingereza.

Jumapili ya nne, asubuhi, nikasikia mwalimu amehamishiwa shule ya Usevya, kesho yake anaondoka. Picha ilipofika mwishoni, stelingi akabisha hodi kweli, mwanamke akafungua mlango, na mimi nikaishusha maiki. Banda zima likapiga kelele: "DJ, tafsiri!"

Mwalimu akainuka, akaja mbele, akaninyang'anya maiki.

"Huyu dada anasema hivi," akawaambia watu, huku ananitazama mimi. "Kaka, Jumapili zote unaongea wewe, na majibu unajijibu wewe. Mimi mwenyewe hujaniuliza hata siku moja."

Akanirudishia maiki. Hotuba zangu zote za Magamba zikanitoroka.

"Mwalimu," nikasema, na maiki nimeisahau mkononi, "umeshakula?"

Aisee, watu walicheka mpaka wengine wakaanguka kutoka kwenye mabenchi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Yeye hakucheka. "Bado," akasema, akaenda kunisubiri mlangoni.