Mume wangu ametia sahihi niwekewe titi jipya, amekataa nitolewe yote mawili

Mhariri, nakuomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa darasa la tatu hapa Kamina, mtoto wa nyumba ya Wamethodisti. Mume wangu ni ajida, askari wa cheo cha kati kwenye base ya jeshi, mtu wa mkoa wa Ekwateri. Tuna watoto wanne, na wote niliwanyonyesha mpaka wakatembea.

Miaka mitatu iliyopita mume wangu alitumwa Ulaya kwa mafunzo. Aliporudi hakunipiga wala hakunitukana. Alianza tu kugeuza uso kila nilipovua blauzi. Jumapili moja, tumetoka kanisani, akafungua gazeti lenye picha za wanawake wa kizungu, akanionyesha vifua vyao, akaniambia: "Kule banatengenezaka hii. Mwanamuke anazala, kisha anarudia kama binti. Na Lubumbashi iko munganga wa hospitali anafanya."

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakubali. Sitawadanganya, wasomaji: na mimi nilikuwa nimejitazama kwenye kioo, nikaona kifua kilichobaki kama mifuko iliyomwagwa unga.

Nikamuuliza, "Bantu ba kanisa tutabaambia nini?"

"Tutasema ni kivimbe. Iko siri yetu bawili, mpaka kufa."

Nikapanda treni nikaenda Lubumbashi, nikawekewa mifuko ya silikoni. Huku nyuma wamama wa kanisa waliwapikia watoto wangu bukari, ugali wetu, wakawafulia nguo za shule, wakafunga na kuniombea. Kiongozi wao, nitamwita Mama Ngoie, alikuja nyumbani kwangu kila siku kwa miguu. Niliporudi na bandeji alinikumbatia taratibu, akalia kwa furaha kwamba Mungu amenirudisha. Nikalia naye. Yeye hakujua nalilia nini.

Mwaka wa kwanza mume wangu alikuwa kama bwana harusi. Alininunulia blauzi za kubana, akataka nimsindikize kwenye kila sherehe ya base. Halafu mwaka huu titi la kulia likaanza kuwa gumu. Likapanda juu, likavutika kuelekea kwapa. Sasa siwezi kuinua mkono kuandika sehemu ya juu ya ubao. Naandika katikati tu, wanafunzi wa nyuma wanalalamika hawaoni.

Nikarudi kwa munganga. Alinieleza vizuri, bila kunificha: mwili wangu umeufunga ule mfuko kwa ngozi ngumu. Anaweza kuutoa na kuweka mwingine, lakini ugumu unaweza kurudi. Au anaweza kutoa yote miwili, anishone, nibaki na kifua changu cha zamani. "Madame, uchague mwenyewe," alisema, "kisha mume wako atie sahihi." Akanipa karatasi yenye njia zote mbili.

Wamama wa kanisa walisikia nimerudi kwa munganga. Jumamosi mchana wakaja kumi, wakajaa sebuleni, nikawapikia chai. Mama Ngoie akanishika mkono, akasema, "Mwana wangu, hii kivimbe tutaishinda tena na maombi."

Walikuwa wameshafumba macho mume wangu alipoingia. Akasimama mlangoni na yunifomu yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bamama, musisumbuke bure. Haiko ugonjwa. Alienda kutia maziwa ya Bazungu, matiti ya kutengenezwa, juu ya kiburi yake. Minyi, bwana yake, nilimukataza, hakusikia."

Nilimtazama. Hakukwepa macho yangu. Nilitaka kupiga kelele kwamba anasema uongo, kwamba gazeti lile alilileta yeye. Lakini hata kama ningesema, ningebaki yule yule aliyewaacha wafunge na kuomba kwa ajili ya ugonjwa ambao haukuwepo.

Mama Ngoie akatia kitabu chake cha nyimbo katika mkoba. "Batoto bako nilibaosha na hii mikono," akasema. Wakatoka mmoja mmoja, wakaacha vikombe vyao vimejaa chai.

Nilipomuuliza mume wangu kwa nini, alijibu, "Ulitaka banicheke ku base, baseme minyi mwenyewe njo nilikutuma?" Kisha akaomba ile karatasi, akatia sahihi. Kwa muda mfupi moyo wangu ulilainika. Nilidhani hiyo ndiyo njia yake ya kuniomba msamaha. Nikaisoma. Alikuwa ameikata kwa mistari miwili ile sehemu ya kutoa. Alisaini kubadilisha tu.

"Ukitoa," akasema, "usirudie hapa."

Nilimfuata Mama Ngoie kwake, nikamwambia yote, na sehemu ya mume wangu pia. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha kiti. "Mambo ya kifua, Mungu atakusamehe," akasema. "Lakini yale maombi, minyi bado siwezi." Kwenye kwaya ya kanisa, nilikokuwa naimba, wamenitoa. Binti yangu wa miaka kumi na minne ameniuliza kama ni kweli, nikamjibu ni kweli. Hakuniuliza chochote kuhusu baba yake, na mimi nimeshindwa kuanza.

Munganga ananisubiri wiki ijayo. Kaka yangu yuko Kabongo, labda angekubali kusaini mahali pa mume wangu, lakini itabidi nimweleze kila kitu, na sijui kama munganga atapokea sahihi yake. Nikimtii mume wangu, nitakatwa tena kwa ajili ya mtu aliyenikana mbele ya wamama kumi. Nikitoa, nitarudi na begi langu nyumba ipi, na watoto wanne?

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi wamama mliowahi kuachwa peke yenu na kosa la watu wawili, niandikieni kabla ya treni. Niende na sahihi ya nani?