Ameni ya Watiri

Wifi yangu Watiri hajui kukaa. Ukimpa kiti, atakiinua afagie chini yake. Hapa Gatitu tumetenganishwa na ua wa miiba ya kaiyaba tu, na kila alfajiri nasikia slipa zake zikienda kwa kuku, zikirudi, zikienda tena kabla hata yai moja halijatagwa. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, husema dada yake alizaliwa akikimbia.

Labda ndiyo maana watafiti wanampenda. Utafiti ukija Nyeri, uwe wa maziwa au wa vyandarua, yeye ndiye anayetafutwa awakusanye watu. Mwaka huu ulikuja wa vyuo vya ufundi, hivi tunavyoviita poli: wazazi wanavionaje? Ben, kijana wa chuo kikuu, akamfundisha kuongoza mazungumzo ya kikundi. Kila mtu aseme kwa zamu yake, asikatizwe. Mwongozaji asionyeshe msimamo wake hata kidogo. Mtu akikwama, aambiwe tu, "Eleza zaidi."

Sasa, msimamo alikuwa nao, tena wa moto. Wakiuru, binti yake wa pekee, alikuwa amepata nafasi poli kujifunza kuchomelea vyuma, na siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu. Watiri naye alikuwa ameshawatangazia akina mama wa kanisa kwamba mtoto anaenda chuo kikuu. Msichana akijaribu kuizungumzia poli, mama anakumbuka kuku. Jambo hilo liliniudhi sana, lakini nani angemsimamisha Watiri amwambie?

Alhamisi tukakutana kwa mazungumzo hayo katika ukumbi wa kanisa, nami nikiwemo. Kwetu mkutano hauanzi bila maombi, hata ukiwa wa kugawana mbegu. Mzee Theuri, aliyezoea kutuombea, alikuwa amechelewa, na Watiri hawezi kungoja. Akafumba macho, akaomba mwenyewe. Alianza vizuri, akashukuru kwa mvua, kisha moyo ukamtoroka.

"Baba, usikubali watoto wetu watuaibishe, ati waishie poli."

"Ameni," tukaitikia sote.

Baada ya hapo nani angefungua mdomo? Umeshaitikia Ameni, utageuka umpinge Mungu saa hiyo hiyo? Kila zamu ilipofika, mtu aliyarudia yale maombi kwa maneno yake. Hata mimi, niliyekuja na hoja zangu zote tayari, nilizimeza pamoja na chai. Theuri alipoingia alikuta tumekubaliana kama kwaya.

Kesho yake Ben alisikiliza mazungumzo aliyoyanasa Watiri kwenye simu. Hakugomba.

"Mama Wakiuru, hapa hukuuliza swali," alimwambia. "Uliomba, na wao wakaitikia. Itabidi turudie."

Habari ilizunguka Gatitu kabla ya jioni, na watu wakacheka. Watiri hakucheka. Jumamosi nzima alishinda akifua nguo zilizokuwa safi.

Jumapili jioni aliniita kwake tule pamoja. Sanduku la Wakiuru lilikuwa kando ya meza, tupu. Mukimo ulipoletwa, Watiri akamwambia binti yake aombee chakula, kwa mazoea tu, mkono wake mwenyewe ukiwa tayari kwenye mwiko.

Wakiuru akafumba macho. "Baba, asante kwa hii chakula. Kesho unifungulie mlango ya poli, nijifunze welding. Na mum anisindikize, juu bila yeye siwezi toka hapa. Ameni."

"Ameni," nikasema haraka, kisha nikangoja Ameni ya pili. Haikuja. Watiri alikuwa bado amefumba macho. Ile mikono isiyojua kutulia ilikuwa imelala mapajani. Niliogopa, jamani. Nilijua sasa atainuka aende kwa kuku, na kesho itapita hivyo hivyo.

"Eleza zaidi," akasema.

Wakiuru akaeleza mpaka mukimo ukapoa, na mama yake hakuinuka hata mara moja.