Msichana Tuliyemwita Wawira

Kuna asubuhi moja ya Julai ambayo siwezi kuikumbuka nikiwa nimesimama, mwanangu. Ngoja nikae kwanza. Jana ulikuja kunieleza kwamba unafungua duka la kuoka mikate hapo Gatitu, na kwamba umeshapata msichana wa kukusaidia. Nilipokuuliza ni nani na wa wapi, ukanijibu, "Ako tu sawa, Anti, ameniachia kitambulisho." Hilo neno lako limeninyima usingizi. Basi nisikilize, na hiyo chai ikipoa, acha ipoe.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, nywele zote nyeusi, nikiwa mpishi katika hoteli moja ndogo mjini Nyeri. Mwenyewe aliitwa Mama Gathoni, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, ambaye angekugombeza hadi ulie kisha akufungie chapati za kupelekea watoto. Alikuwa na desturi moja, na usimcheke, maana nusu ya mji ilikuwa nayo na wengi wanayo hadi leo. Ukiandikwa kazi, alichukua kitambulisho chako na kukitia katika mkebe wa majani ya chai chini ya kaunta. Changu kilikuwa humo. Hakikuchukuliwa ili kisomwe. Kilichukuliwa ili usije ukatoroka na sufuria.

Msichana huyo alikuja siku ya soko, mfuko wa plastiki mkononi, akaomba kazi ya kuosha vyombo. Mama Gathoni alikuwa anakaanga mandazi na wateja walikuwa wamejaa hadi mlangoni.

"Uko na kipande?" akamuuliza bila kugeuka.

"Niko nayo."

"Weka hapo kwa mkebe. Osha mikono uanze."

Hayo ndiyo mahojiano yote yaliyofanyika, mwanangu. Jioni Mama Gathoni alisoma jina, Wawira wa Kagio, na picha hakuitazama mara mbili. Kwa picha simlaumu sana. Picha za vitambulisho unazijua. Mimi kwenye yangu nafanana na mtu aliyetoka kukamatwa.

Alikuwa mchapakazi, yule mtoto. Alilala kwenye stoo nyuma ya jikoni, na yeye ndiye aliyewasha moto kabla yetu sote kufika. Kasoro yake ilikuwa moja: ilibidi umwite mara mbili. Unaita "Wawira!", naye anaendelea kusugua sufuria, kisha anashtuka na kuja mbio. Tulimtania kwamba ana unga masikioni, naye akacheka pamoja nasi. Kuhusu kwao alisema jambo moja tu, kwamba kuna baridi kuliko Nyeri. Wewe unaijua Kagio, mwanangu, unajua jua la huko linavyochoma. Nilimenya viazi naye kila siku, tukaongea juu ya viatu na kwaya na mitindo ya kusuka nywele, na maneno yale hayakunishtua hata kidogo.

Ikafika Julai, na ukungu ukawa haunyanyuki hadi karibu adhuhuri. Akaingiza jiko la makaa stoo, akafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia. Asubuhi tulipofika, jikoni hakukuwa na moto. Tulibisha, tukaita jina lile mara mbili, mara nyingi. Watu wa gereji ya jirani walipovunja mlango, makaa yalikuwa yameshakuwa majivu na yeye amelala ubavu, blanketi hadi kidevuni. Nilipiga mayowe hadi sauti ikanipotea.

Mama Gathoni alikitoa kitambulisho, polisi wakampigia chifu wa huko Kagio, na chifu akaenda kwa wazazi wa Wawira. Binti yao alikuwa amekwenda Thika kutafuta kazi na simu yake ilikuwa haipatikani, kwa hiyo waliamini. Kesho yake mama mtu alifika mochari akiwa ameshikiliwa na watu huku na huku. Nilikisikia kilio chake kabla sijamwona.

Mhudumu akafunua uso.

Yule mama alisogea. Aliinama, akatazama kwa karibu, kisha akapiga kelele nyingine. "Si yeye! Asante Mungu, si yeye!" Akamrukia na kumkumbatia mtu aliyekuwa karibu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilimhisi akitetemeka kwa furaha, mwanangu, pale mbele ya maiti ya mtoto wa watu. Halafu furaha ikamtoka. Aliniachilia, akavua leso yake na kumfunika msichana mabegani, mahali shuka ilipokuwa imeishia.

"Na huyu ni wa nani?" akauliza.

Mama Gathoni, yule wa sauti kubwa, alikuwa anatazama sakafu.

"Si nawauliza? Amefanya kwenu kutoka lini?"

"Kutoka Januari," nikasema.

"Kutoka Januari! Anawaoshea sahani, mnakula. Na hakuna mtu aliuliza ati mama yake anaitwa nani?" Alimtazama Mama Gathoni, akanitazama mimi. "Kipande ndio mlikuwa mnachunga, sio mtoto."

Nimegombezwa na watu wengi maishani, wengine kwa haki na wengine kwa wivu tu. Hakuna aliyenigombeza kwa sauti ya chini kama ile, na hakuna aliyeniumiza zaidi.

Wawira mwenyewe alipatikana kwa simu jioni hiyo. Kitambulisho alikuwa amekiangusha sokoni Kagio alipokuwa akiuza nyanya, na hakumjua msichana yeyote aliyekiokota. Njia hiyo ikaishia hapo. Polisi walichukua alama za vidole za maiti, nasi tukasubiri kwa matumaini makubwa, tukidhani serikali inawajua watu wake wote. Afisa aliyetuita alikuwa mtu mpole wa karibu kustaafu.

"Alama zake haziko," akatuambia. "Huyu hajawahi kuchukua kipande. Mimi naona hakuwa amefikisha miaka. Mama, mlikuwa mmeandika mtoto."

Ndipo nilipoelewa kwa nini alihitaji jina la mwingine. Kwa jina lake mwenyewe asingepata kazi.

Tulitangaza makanisani na katika redio ya Kikuyu, na machifu wakatangaza kwenye baraza zao. Mama Gathoni aliifunga hoteli, akawa anapanda gari kwenda sehemu zote za baridi alizoweza kuzifikiria, akiingia shule moja baada ya nyingine na kuuliza kama kuna msichana aliyeacha masomo akatoweka. Kila shule ilikuwa na msichana wake. Wazazi nao walikuja mochari kutoka Nanyuki, kutoka Murang'a, hata kutoka Nyahururu, wakatazama, wakarudi. Sikuwa najua kwamba huku kwetu kuna wasichana wengi hivyo wanaotafutwa. Kila mzazi aliondoka akiwa amepata nafuu, na sisi tukabaki na yule yule.

Mama Gathoni aliomba apewe mwili akauzike katika shamba lake kule Kiganjo. Alikataliwa, kwa kuwa hakuwa jamaa na hakukuwa na jina la kuandika. Msichana alizikwa pamoja na wale wasio na wenyewe, siku ya mvua. Tulikuwepo mimi na Mama Gathoni, na yule mama wa Kagio, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuja. Mchungaji alipofika mahali pa kutaja jina alitutazama, nasi tukatazama matope.

Hadi leo hakuna aliyekuja kumuulizia. Mama Gathoni alikufa akiwa bado anauliza, nami nimebaki. Najua kuna mwanamke mahali fulani penye baridi ambaye anadhani binti yake amemkasirikia. Anawaambia majirani kwamba atapiga simu hasira zikimwisha. Labda naye ameshachoka, amemkasirikia pia. Mimi ndiye ninayejua mtoto wake aliko, na sijui nimwambie nani. Faraja ya kukupa hapo sina, mwanangu. Nimeitafuta miaka yote hii na sijaiona.

Basi rudi dukani kwako leo hii, kabla hujawasha hata oveni. Kitoe kitambulisho hicho ulikokiweka, umwite msichana, mkisome pamoja. Linganisha picha na uso wake bila haraka na bila kumtisha. Muulize alizaliwa lini na wapi, na mama yake anaitwa nani, nawe usikilize anavyojibu. Mwambie ampigie mtu wa kwao hapo mbele yako, nawe usalimie, hata kama ni salamu tu. Chifu wa kwao mpigie pia. Kama ni mtu wa nchi nyingine, omba kibali chake cha kazi ukisome vivyo hivyo, maana bila kibali mtaishia pabaya wewe na yeye. Ukimaliza weka nakala, na kitambulisho chenyewe umrudishie mkononi. Ni chake, na wewe si polisi wa kukikalia.

Na ukigundua kwamba ni mtoto, usimwandike, hata akilia. Lakini usimfukuze pia. Mlango wa pili hauko mbali, na huko pengine hawatauliza lolote. Mpe chai na mkate, ukae naye hadi akwambie kwao ni wapi, kisha umrudishe wewe mwenyewe, hata kama duka litafungwa siku nzima. Nikisema hivi usidhani naamini mambo yangekuwa mema. Pengine angetudanganya hata tungeuliza, au tungemkataa akaenda kufia kwingine. Sijui. Najua tu kwamba hatukuuliza.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu abariki mikono yako na unga wako, akupe wateja hadi uwachoke. Amjalie kila atakayefanya kazi kwako arudi kwao akiwa mzima, mama yake amwone kwa macho. Na yule wetu, Mungu amwite kwa jina lake, maana ni Yeye peke yake hapa Nyeri anayelijua.