Kichwa cha Mkizi

Kila mkizi anapobanikwa jikoni kwangu na mafuta yake yakaanza kudondokea makaa, mkono wangu humega kichwa wenyewe na kumtafuta paka miguuni.

Vita vya Maji Maji vilipofika kwetu, askari wa Wadachi walichoma maghala ya mpunga, nasi tukakimbilia kwenye mikoko: bibi, mama na mimi. Bibi alijitwika kikapu cha mbegu. Mimi nilimfunga paka wangu mgongoni kwa kaniki, kama mtoto mchanga.

“Mwache huyo,” mama alisema. “Sisi wenyewe tutakula nini?”

“Atakula changu.”

“Haya. Tumbo lake liko juu yako.”

Kweli likawa juu yangu. Kila mmoja alipata mkizi mdogo kwa siku, na kichwa cha wangu, chenye mafuta, kilikuwa cha paka. Mimi nilinyonya miba. Lakini alipojikunja tumboni pangu akikoroma, nilisahau matope, mbu na njaa yenyewe.

Panya wa mikokoni nao walikuwa na njaa. Asubuhi moja jirani yetu alifungua kikapu chake cha mbegu akakuta makapi matupu. Bibi akakimbilia chetu. Paka alikuwa amekaa juu ya kifuniko akijilamba makucha, panya buku amekufa mbele yake. Bibi alitia kiganja kwenye mbegu, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tutoke nyumbani.

Jioni ile mama alimega kichwa cha mkizi wake, akakiweka mbele ya paka.

“Kula samaki wako wote, mwanangu,” aliniambia. “Tumbo la huyu leo liko juu yangu.”