Kicheko cha Mpiga Pasi

Mpiga pasi wa duka la dobi alibandikwa jina la Kicheko. Pasi imuunguze kiganja, anacheka. Tajiri amnyime mapumziko, anacheka mpaka magego yote nje. Wateja walisema mtu huyu hana hasira. Alikuwa nazo tele, ila hazikujua mlango wa kutokea.

Kwao, mtoto akilia hakupigwa. Afadhali angepigwa. Baba yake, fundi redio na mcheshi wa ukoo, aliwaita wote sebuleni: "Jamani njooni, mwimbaji wetu kaanza!" Wakapanga viti, wakapiga makofi, shangazi akaomba kibwagizo kirudiwe. Siku aliyovunjika mkono, makofi yalitangulia, hospitali ikafuata. Kufika miaka saba alishaijua dawa: cheka kabla hawajakucheka.

Asubuhi moja nesi alimwambia kwamba mtoto wao wa kwanza, wa kike, amezaliwa amekufa. Mkewe alikuwa kitandani, nyuma ya pazia. Kikamtoka kicheko kile kile cha kazini, kirefu, chenye kikohozi mwishoni.

Mama mkwe akalivuta pazia.

"Unacheka?" mkewe akauliza.

"Sicheki, mke wangu. Haki ya Mungu, si..." Akacheka tena.

"Baba, hebu toka nje," alisema mama mkwe.

"Mwache, mama. Miaka minne namtetea kwa watu, eti huzuni yake iko ndani. Leo nataka niione." Akamgeukia mumewe. "Mlilie mwanao. Chozi moja tu. Ukishindwa, nikitoka hapa naenda kwa mama, na usinifuate."

Alijaribu, maskini. Alikunja uso, akajifinya paja mpaka likafa ganzi. Wagonjwa wa vitanda jirani wakanyoosha shingo kama watu waliokata tiketi. Hapo ndipo alipokwisha. Meno yakatoka yenyewe.

Mkewe akageukia ukutani. Mama mkwe akavikusanya vinguo vya mtoto, alivyovinyoosha Kicheko kimoja kimoja wiki nzima, akavisokomeza mkobani.

Mapokezi alipewa fomu. Penye uhusiano na marehemu akaandika "baba", kwa mwandiko safi, mabega yakimtikisika.

Mlinzi wa getini alipomwona, akachangamka. "Hongera, mkubwa! Furaha yote hiyo, wa kiume?"

"Wa kike," akajibu, akicheka, akashika njia.